Mtandao ukikatika, tusiwe kama mbaazi

Wahenga walinena kwamba mbaazi akikosa maua husingizia jua. Methali hii imenijia akilini mara nyingi katika miaka hii ambapo tarakilishi imeingia majumbani mwetu, hata katika nyumba za mabati zilizozungukwa na majani chai huku Kericho na Bomet. Mwanafunzi aliyekosa kuwasilisha ombi lake la mkopo wa masomo kwa wakati, mwalimu aliyechelewa kutuma alama za wanafunzi wake, karani aliyeshindwa kutoa stakabadhi, wote wana jibu moja: "Hakuna mtandao." Maneno hayo yakishatamkwa, mjadala hukoma. Hakuna anayeuliza mtandao umekatikia wapi, kwa sababu gani, na tangu lini. Umekuwa kama mvua ya mawe: hushuka upendapo, ukaondoka upendapo, na binadamu hana la kufanya ila kukunja mikono.

Makala haya yanakusudia kuipinga imani hiyo. Hitilafu ya mtandao si kudura. Ina mahali pake, na aghalabu mahali hapo panaweza kupatikana na mtu yeyote aliye na subira ya kuuliza maswali kwa utaratibu. Tunachokikosa si ufundi wa hali ya juu, bali ni nidhamu ya kufikiri, na nidhamu hiyo ni kazi ya shule kuifundisha.

Nianze na kisa kilichotokea nyumbani kwa dada yangu, viungani mwa Litein. Bintiye, ambaye anasomea ualimu chuoni, alikuwa na tarakilishi ya mezani ambayo wazazi wake waliinunua ikiwa kuukuu. Kwa kuwa radi za huku kwetu hazina mzaha, mamake alimpa amri moja: kila jioni aichomoe kutoka kwenye umeme. Amri hiyo ilikuwa ya busara. Hata hivyo, asubuhi moja kurasa zote alizojaribu kufungua zilimkatalia, naye alikuwa amebakiwa na siku tatu tu za kuwasilisha kazi yake ya muhula.

Siku ya kwanza alinunua data mpya, akidhani ile ya awali imeisha. Siku ya pili aliulaumu mnara wa simu ulioko ng'ambo ya bonde. Siku ya tatu aliitwa fundi, ambaye alifuta kila kitu kilichokuwa ndani ya tarakilishi, pamoja na kazi yenyewe ya muhula, akaweka programu upya, akalipwa shilingi 1,500 na kwenda zake. Kesho yake kurasa zilikuwa zingali zinakataa.

Nilipowatembelea Jumapili nilimwuliza mpwa wangu swali moja tu: "Je, simu yako inafungua kurasa kupitia ruta iyo hiyo?" Alijaribu, zikafunguka. Basi mnara haukuwa na hatia, wala kampuni ya simu, wala ruta. Hitilafu ilikuwa ndani ya tarakilishi. Tukaanza kutazama kiwambo kwa makini, na pale pembeni, chini, mkono wa kulia, tukaona tarehe. Tarakilishi ilikuwa inaamini kwamba tuko Januari 2009.

Maelezo yake ni mepesi. Ndani ya tarakilishi mna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, ambayo huiwezesha saa kuendelea kutembea wakati umeme umekatwa. Betri ile ilikuwa imekufa. Kila mashine ilipochomolewa jioni, saa ilirudi nyuma miaka mingi. Sasa, tovuti zinazotunza siri za watumiaji huwa na cheti cha utambulisho chenye tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kumalizika. Tarakilishi inayodhani kwamba tuko 2009 hukiona cheti kilichotolewa juzi kuwa ni cha siku ambazo bado hazijafika, nayo hukikataa kama mlinzi anavyokataa barua yenye tarehe ya kughushi. Betri mpya ilipatikana kwa fundi wa saa kwa bei isiyozidi ya mkate na maziwa. Kazi ya muhula ilikuwa imekwisha kupotea, na mpwa wangu aliiandika upya na kuiwasilisha akiwa amechelewa, akakatwa alama.

Sisimulii haya ili nimcheke mtoto yule wala fundi wake. Nasimulia kwa sababu watu watatu wenye akili timamu walitumia siku tatu na fedha wasizokuwa nazo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo lingemaliza tatizo kwa dakika tano.

Wakulima wa huku wanaielewa mbinu ninayoisema, ingawa hawaiiti kwa jina hilo. Majani chai huchumwa shambani, yakapelekwa katika kituo cha kununulia, kisha kiwandani, na hatimaye chai hufika katika mnada wa Mombasa. Ikiwa chai imeharibika, mkulima mwerevu haanzi kwa kuulaani mnada. Huuliza: je, yalichumwa vizuri? Je, yalikaa juani kituoni? Je, lori lilichelewa? Huifuata njia kutoka shambani kwake kwenda mbele, hatua baada ya hatua. Ujumbe wa tarakilishi nao una njia yake: hutoka ndani ya mashine, ukapita katika waya au hewani hadi kwenye ruta, ukaenda mnarani au katika nyaya za kampuni, na ikiwa unakwenda ng'ambo huweza kufika Mombasa vilevile, ambako nyaya za chini ya bahari kama vile TEAMS na Seacom ziliunganishwa mwaka 2009. Anayeijua njia hii hawezi kupotea.

Basi maswali yafaa yaulizwe kuanzia karibu kwenda mbali. Mosi, je, kuna umeme, na taa za ruta zinawaka inavyostahili? Wengi wamehangaika nusu siku kumbe waya umelegea, au kitufe cha Wi-Fi kimezimwa na mtoto aliyekuwa akicheza. Pili, je, data imelipiwa na haijaisha? Tatu, je, kifaa kingine kinafanya kazi kupitia ruta hiyo? Hili ndilo swali la thamani kuu, kwa kuwa huigawa njia yote mara mbili. Simu ikifanya kazi na tarakilishi isifanye, tafuta ndani ya tarakilishi, na usisahau kuitazama tarehe. Zote mbili zikishindwa, tafuta kwenye ruta au mbele yake.

Nne, zima ruta, subiri dakika moja, uiwashe tena, ndipo uwashe tarakilishi. Huu si uganga. Ruta ni tarakilishi ndogo, nayo huweza kukwama kama nyingine yoyote. Pia ndiyo inayoigawia kila mashine nyumbani nambari ya anwani. Ukiona tarakilishi yako ina anwani inayoanza na 169.254, elewa kwamba iliomba anwani isijibiwe, ikajipa yenyewe. Hapo hitilafu iko kati yako na ruta, wala si Nairobi.

Tano, kuna amri fupi iitwayo ping, ambayo Mmarekani Mike Muuss aliiandika mwaka 1983, akaiita kwa mlio unaotumwa majini ili mwangwi wake ukirejea ujulishe kuna nini mbele. Itume kwanza kwa ruta, kisha kwa nambari iliyoko mbali, kama vile 8.8.8.8, kisha kwa jina la tovuti. Nambari ikijibu na jina lisijibu, njia iko wazi ila daftari la majina ndilo lenye kasoro. Sisi hukumbuka majina na mashine hutumia nambari, kwa hivyo ziko tarakilishi maalumu zenye kazi ya kutafsiri, kwa mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka huo huo wa 1983.

Sita, tazama mahali ulipo. Vilima vyetu vinapendeza katika picha, lakini mawimbi ya simu hayapendi kupinda nyuma ya kilima. Aidha, nyumba ya mabati huyazuia mawimbi yasiingie. Modemu iliyowekwa sakafuni nyuma ya kabati ikihamishiwa dirishani, upande unaoelekea mnara, yaweza kubadilika kabisa.

Katika haya yote zipo kanuni mbili ambazo mwalimu wa sayansi atazitambua mara moja. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwani ukibadilisha vitano hutajua ni kipi kilichoponya. Na andika daftarini: siku, saa, taa zilizowaka, na ulichokifanya. Daftari likionyesha kwamba mtandao huzorota kila jioni watu wanaporudi nyumbani, huenda mnara umeelemewa na watumiaji, na hapo hakuna haja ya kuifungua tarakilishi yako.

Watasema wengine kwamba ninawatetea wenye makampuni kwa kumtwika mwananchi mzigo. La hasha! Ukweli ni kwamba si kila kosa liko nyumbani. Mnamo tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchini Kenya na kwa majirani wetu. Hakuna mwanafunzi wa Sotik ambaye angeitengeneza hitilafu hiyo kwa kuzima ruta yake. Vilevile itakumbukwa kwamba mnamo Julai 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, kampuni ya Loon pamoja na Telkom Kenya zilizindua huduma ya intaneti kwa maputo yaliyoelea takriban kilomita 20 angani, juu ya eneo la kilomita mraba zipatazo 50,000 ambalo Kericho na Bomet zilikuwemo. Januari 2021 ilitangazwa kwamba Loon ingefungwa, kwa kuwa biashara yake haikuweza kujilipia gharama. Maputo yalikwenda, vilima vikabaki. Ukosefu wa mtandao wa kutegemewa mashambani ni jambo la sera na fedha, nalo lahitaji kudaiwa kwa wahusika.

Lakini nani atakayedai, na kwa hoja gani? Anayesema "hakuna mtandao" huambiwa azime na kuwasha, kisha simu ikakatwa. Anayesema, "Vifaa vitatu vimeshindwa, ruta inajibu, hakuna kitu mbele ya ruta kinachojibu, na hali ni hiyo kila siku tangu Jumatatu iliyopita," huyo hawezi kupuuzwa kwa urahisi. Akipuuzwa na kampuni, anao ushahidi wa kuupeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo hupokea malalamiko ya wateja. Kwa hivyo maarifa haya hayamwondolei mkubwa lawama. Yanampa mdogo uwezo wa kuiweka lawama mahali inapostahili.

Ndiposa nawageukia walimu. Siku hizi mwanafunzi wa kidato cha nne akimaliza mtihani huomba nafasi ya chuo kwa KUCCPS kupitia mtandao, na mkopo kwa HELB kupitia mtandao. Alama za tathmini za shuleni hutumwa kwa KNEC kupitia mtandao. Milango hii ina siku ya kufungwa, na haimngojei mtoto wa mchuma chai. Mtoto wa mjini mtandao wa nyumbani ukikatika, huvuka barabara akaingia saiba. Wa Mogogosiek huenda akalazimika kutafuta nauli kwanza. Yeye ndiye anayehitaji zaidi kujua kama tatizo ni betri ya sarafu au ni mnara.

Hata hivyo, katika masomo ya tarakilishi mara nyingi tunamkaririsha mwanafunzi majina ya sehemu za mashine, tukamtahini, tukampa alama, bila kumwonyesha hata siku moja mashine iliyoharibika. Ni sawa na kumfundisha mtu ukulima kwa kumtajia majina ya majembe. Mwalimu anaweza kulegeza waya kwa makusudi, kubadilisha tarehe, au kuzima Wi-Fi, kisha akawaambia wanafunzi watafute kosa na waandike hatua walizozifuata. Somo hilo halihitaji bajeti wala kibali. Na iwapo mwalimu mwenyewe hajui jibu, na atafute pamoja nao, kwani kuuliza si ujinga. Mwanafunzi aliyemwona mwalimu wake akitafuta kwa utaratibu amejifunza zaidi ya aliyemwona akijua.

Nanyi wanafunzi, tatizo likiwafika, msikimbilie kununua data wala kumwita fundi wa kufuta kazi zenu. Anzeni karibu, mwende mbali. Hifadhini nakala ya kazi yenu mahali pengine kabla ya mtu yeyote kuigusa mashine. Msingojee siku ya mwisho, kwa kuwa siku hiyo hata hitilafu ndogo huwa kubwa.

Mpwa wangu siku hizi ana daftari dogo kando ya tarakilishi yake. Juma lililopita mtandao ulipokatika aliniandikia kwa simu: "Mjomba, nimekagua hadi kwenye ruta. Kwangu ni salama. Kosa ni lao." Alipoipigia kampuni simu na kuwaeleza alichokipima, alitumiwa mafundi, nao walikuta waya umekatwa na tawi la mkaratusi karibu na barabara. Hakulisingizia jua. Alijua ua lake lilidondokea wapi.