Mtoto mchanga akitapika kwenye basi, usiseme hajazoea gari

Ukisafiri na basi la Mwanza, mkishapita Misigiri na gari likaanza kushuka Mlima Sekenke, lazima utamsikia mtu huko nyuma akiomba mfuko. Konda anampa, safari inaendelea. Tumezoea kiasi kwamba kila anayetapika tunasema hajazoea gari. Kwa mtu mzima mara nyingi ni kweli. Kwa mtoto mchanga, ni nadra sana.

Kichefuchefu cha safari huja pale sikio la ndani linapohisi mwendo huku macho yakiona kiti cha mbele kimetulia. Ubongo unapata taarifa mbili zinazopingana. Huwasumbua zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12, na hao wasaidie kwa kuwakalisha mbele, watazame barabara, wasichezee simu. Chipsi za stendi ziache.

Lakini mama, kama mwanao wa miezi tisa ametapika mara mbili kabla hamjafika Manyoni, tafuta sababu nyingine. Ana homa? Anaharisha? Ananyonya? Mara ya mwisho amekojoa saa ngapi? Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, jambo jema kwa wenye haraka, ila taa zikizimwa huwezi kuona macho yaliyoingia ndani wala midomo iliyokauka. Washa tochi ya simu umwangalie.

Kinachonitia hofu zaidi ni promethazine inayonunuliwa kabla ya safari "ili mtoto alale". Aliye chini ya miaka miwili hapaswi kupewa kabisa, kwani inaweza kudhoofisha upumuaji hadi akafa, na wewe ukadhani amelala fofofo. Wazazi hunijibu kwamba walimpa nusu kidonge tu. Kwa umri huo hakuna nusu iliyo salama.

Akiendelea kutapika, akalegea, au akaharisha majimaji, mwambie konda mapema. Hospitali ipo Manyoni, ipo Singida mjini, na kwa anayetokea Igunga, Kiomboi ni kuchepuka pale Misigiri. Nauli itapotea na abiria watanung'unika, shuka tu. Njiani endelea kumnyonyesha, na kama una ORS iliyochanganywa na maji salama, mpe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha uanze tena taratibu.