Nduthi Yangu Si Dhamana Yenu

Wasee wa Njiru, Chokaa, Saika na Mwiki, hii ni yenu. Hata kama huna nduthi, kuna usiku utabebwa na moja.

Majuzi kifua cha mathe kilibana. Ana asthma ya miaka mingi, na inhela ilikuwa imeisha. Saa saba usiku, mvua inanyesha, matatu hakuna, teksi ya karibu iko dakika ishirini na tano. Nikamkalisha nyuma, nikamfunga na leso tukawa kama mtu mmoja, tukashika Kangundo Road. Kwa geti ya hospitali moja ya kibinafsi huku kwetu, soja akainua kizuizi haraka. "Weka pale kando ya ukuta, kimbiza mgonjwa." Hakunipa tiketi. Hakutaja pesa. Mpaka hapo, mtu poa.

Mathe akawekwa kwa mashine. Saa tisa na nusu daktari akaandika dawa ambayo famasi yao haikuwa nayo. Nilikuwa na 1,200 kwa M-Pesa. Nikatoka mbio kutafuta kemisti inayokesha, nikapata gurudumu la mbele limepigwa mnyororo na kufuli.

"Kijana, ni soo tano."

"Za nini, mzee wangu?"

"Pakingi ya usiku. Nduthi ni 500."

"Imeandikwa wapi?"

Akamulika na tochi. Ndani ya kibanda chake, nyuma ya koti lililoning'inia, kulikuwa na karatasi moja imebandikwa ukutani. Yaani bei ya kuingia iko mahali ambapo anayeingia hawezi kufika.

Nikamwomba aniandikie deni, nimwachie kitambulisho. Akasema hana ruhusa, na pesa ikikosekana asubuhi inakatwa kwa mshahara wake. Nikatuma. Jina lililotokea kwa simu lilikuwa la mtu, si la hospitali wala kampuni. Risiti hakuna. Dawa ilikuwa 950, na kwa simu hazikufika 700. Dakika arobaini nilisimama nje ya kemisti nikipigia watu waliolala, hadi binamu yangu akaamka akanitumia.

Mathe yuko sawa, shukrani kwa Mungu. Lakini dakika arobaini kwa mtu anayetafuta pumzi si kitu cha kucheza nacho, na hiyo ndiyo sababu siachii hii maneno.

Kwanza, tujue 500 hiyo ni kitu gani. Si ada ya kanjo. Kaunti ikitaka kukutoza, lazima iwe na sheria iliyopitishwa na bunge lake. Mwenye kiwanja binafsi hana sheria yake. Ana makubaliano tu, kati yake na wewe. Na makubaliano hufanywa kabla. Mama wa chapo hawezi kukutajia bei ukiwa umeshameza. Kama sikuambiwa getini, sikupewa tiketi, na bango halikuwepo, basi nilikubali nini?

Hata kule Uingereza, ambako watu wamepigana na kampuni za maegesho miaka mingi, jambo hili lilifika mahakama ya juu kabisa. Mwaka 2015, Barry Beavis alikataa kulipa pauni 85 kwa kampuni ya ParkingEye baada ya kupitisha muda kwenye maegesho ya maduka huko Chelmsford. Alishindwa. Lakini soma kwa nini: mabango yalikuwa mengi, makubwa, yanasomeka, na dereva alijua masharti kabla ya kuliacha gari. Kampuni ilishinda kwa bango. Hawa wetu wana karatasi nyuma ya koti.

Pili, mnyororo. Tuseme deni lipo kweli. Nani amekuruhusu kushika mali ya mtu mpaka alipe? Mwaka 2015 huo huo, Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kesi ya akina mama waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua kwa sababu hawakuwa na pesa ya bili. Jaji Mumbi Ngugi alisema kuwazuilia ni kinyume cha Katiba. Bili ni bili, idai kwa njia ya sheria. Najua mama si pikipiki, na kesi hiyo haikuhusu magurudumu. Lakini tabia ni ile ile: kushika kitu ambacho mtu hawezi kuondoka bila hicho, halafu unaita hiyo malipo. Na Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ukifunga chombo kinachokwenda kuleta dawa ya mgonjwa wako mwenyewe, umemnyima nini?

Sasa nasikia watu wa "lakini". Lakini ni mali yao binafsi. Sawa, waweke bei, waiweke getini, kwa herufi ninazoweza kusoma nikiwa na mgonjwa mgongoni. Lakini nduthi zinaibwa, soja lazima alipwe. Sawa pia. Ila karatasi hiyo hiyo ilisema chombo kinawekwa kwa hatari ya mwenyewe. Chagua moja: ama unalinda na unalipwa, ama hulindi na hulipwi. Lakini watu wa boda watajaza uwanja. Basi mbona wenye magari wanagongewa muhuri pale mapokezi wakishatibiwa na wanatoka bure? Mathe pia alitibiwa. Alilipa bili yote. Alikosa tu milango minne.

Na mtu asitusi soja. Huyo ndiye aliyeniambia nimkimbize mgonjwa. Anayemkata mshahara ndiye namtafuta.

Niliandika barua. Nimeuliza vitu vinne: nani anamiliki hiyo namba ya simu, iko wapi ankara ya eTIMS ambayo biashara inafaa kutoa, nani aliidhinisha mnyororo, na 500 yangu inarudi lini. Mpaka leo hakuna jibu. Lakini wiki iliyofuata nilipita hapo nikakuta bango jipya getini, bado linang'aa. Asanteni. Sasa mmekubali kwamba halikuwepo.

Na hata hilo bango linaweza kukupa deni tu. Haliwezi kukupa mnyororo.

Kwa hivyo ikikupata, usipigane usiku. Piga picha ya geti, ya karatasi, ya kufuli. Kama lazima ulipe, lipa, na useme kwa ujumbe wa simu kwamba unalipa kwa kulazimishwa. Weka ile meseji ya M-Pesa. Halafu andika barua, upate nakala yenye muhuri. Wakikupuuza, kuna Mahakama ya Madai Madogo: inasikiza madai yasiyozidi milioni moja, huhitaji wakili, na kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60.

Mtasema 500 si pesa ya kupeleka kortini. Saa kumi usiku, nje ya kemisti, ilikuwa pesa. Nimeshaanza kujaza fomu.