Besi si ubabe: punguzeni, jamani!

Kazi ya gazeti imenibana kwelikweli; mhariri anataka habari tatu kwa siku na mshahara ni ule ule. Leo nimepata upenyo, na nina dukuduku, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kwa jazba.

Juzi rafiki yangu mmoja, tuliyesota naye Mlimani, alinipa wimbo wake mpya wa singeli. Alijibana miezi kadhaa ili kulipia studio. Nikausikiliza ndani ya daladala kwa simu. Sikuambulia kitu. Ngoma inagonga kama mtu anayepiga mlango wa bati, na sauti yake imezama huko chini. Ameandika mashairi makali kuhusu mama yake kufukuzwa kwenye chumba cha kupanga, halafu hakuna neno linalosikika! Alipolalamika, prodyuza akamjibu kuwa singeli ndivyo ilivyo, mambo ya kasi hayawezi kuwa safi, na vifaa vyetu si vya Ulaya.

Uongo mtupu. Tena uongo unaokula hela za watu.

Tuanze na kasi. House, iliyozaliwa Chicago miaka ya 1980, huenda kwenye mapigo kama 120 kwa dakika. Singeli inavuka 200 bila kutoa jasho. Piga hesabu: kwenye mapigo 120, kati ya kiki moja na inayofuata kuna nusu sekunde. Kwenye 240 ni robo sekunde tu. Besi ikiwa na mkia mrefu, kiki inayofuata inaikuta bado inanguruma, zinavaana. Kwa hiyo kasi ni sababu ya kusafisha zaidi, si kisingizio cha kuacha uchafu.

Kusafisha ndiyo kazi ya ikwalaiza. Sikio la binadamu husikia kuanzia kama Hz 20 hadi 20,000, na kila ala ina mtaa wake humo. Nguvu ya kiki na besi iko zaidi chini ya Hz 100. Kati ya 200 na 400 ndiko kwenye tope: kinanda, mkia wa besi na kifua cha mwimbaji vyote vimerundikana. Konsonanti, zinazofanya neno lieleweke, zinategemea sana eneo la 2,000 hadi 5,000, ambako ndiko sikio letu lilipo kali zaidi. Ala mbili zikigombea mtaa mmoja, yenye nguvu inamfunika mwenzake.

Maprodyuza wetu wanafanya nini? Wanaongeza! Sauti haisikiki, ongeza sauti. Sasa kiki imepotea, ongeza kiki. Mwisho kila kitu kinapiga kelele na hakuna kinachosikika. Dawa ni kupunguza. Kinanda hakina shughuli chini ya Hz 100, kikate huko. Kiki ikitawala 60, ipunguze besi hapo hapo. Kinanda kikipigia kelele 3,000, kishushe desibeli tatu, utashangaa mwimbaji amejitokeza bila kuguswa. Halafu linganisha kabla na baada kwa sauti ile ile, maana sikio hudanganyika kudhani chenye sauti kubwa ndicho bora.

Na hicho kisingizio cha vifaa? Programu ya FL Studio inakuja na ikwalaiza yenye mikanda saba ndani yake. Imo humo humo kwenye kompyuta ya prodyuza, haiagizwi kwa meli.

Najua kuna atakayeniambia nataka kuifanya singeli iwe laini ili iwapendeze wazungu. La hasha. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na ukali wake wote ndio uliowarusha watu huko nje. Ukali uliochaguliwa ni utamu. Kumzika mwimbaji kwa uvivu ni jambo jingine. Nakiri pia ikwalaiza haifanyi miujiza: ala saba zikipiga pamoja mahali pamoja, ondoa mbili.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Mhariri alipokata aya mbili za habari yangu ya kwanza nilinuna siku nzima. Nilipoisoma kesho yake, ndiyo kwanza ilikuwa inasomeka.

Rafiki yangu ameomba apewe faili za kila ala akamiksiwe kwingine. Mpaka naandika hapa anazungushwa, njoo kesho, njoo keshokutwa. Ndugu zangu wasanii, kabla hujatoa senti, kubalianeni kwa maandishi kwamba faili hizo ni zako. Na kabla hujamaliza malipo, sikiliza wimbo wako kwenye simu, ndani ya daladala. Usipowasikia maneno yako mwenyewe, kazi haijaisha.

Mwenye hoja aje na hoja. Matusi baki nayo.