Kisu cha Kukunja: Tusitazame Unene Peke Yake

Mkulima akiingia dukani kununua kisu cha kukunja, jambo la kwanza afanyalo ni kukifungua na kuubana mgongo wa bapa kwa vidole viwili. Akiona ni mnene, huridhika na kutoa pesa. Nasema hapo ndipo tunapopotea, na nasema hivyo kwa sababu hata mimi nilipotea vivyo hivyo.

Nilinunua kisu chenye unene wa milimita 4 mgongoni, kizito mfukoni kama kufuli. Asubuhi moja ya mvua ndama wa jirani alijizungushia kamba ya katani shingoni, akaanguka mtaroni, ulimi nje. Nikatoa kisu changu nikakata na kukata, lakini kilikuwa kikisaga nyuzi tu. Mama mwenye ndama akaja mbio na kisu chake cha jikoni, chembamba kama bati, akaipitisha mara mbili kamba ikakatika. Ndama alipona. Yule mama, kwa heshima yake, hakusema neno lolote juu ya kisu changu, ila alikitazama.

Kazi ya kukata hufanywa na makali, pamoja na ile sehemu iliyo nyuma tu ya makali. Sehemu hiyo ikiwa nene, hata ukikinoa kutwa, kisu kitapasua kitu kama kabari badala ya kukipenya. Mtu asiyesadiki na apime mgongo wa panga lake. Mapanga mengi ni milimita 2 au 3 tu, nayo hukata kuni na kufyeka vichaka mwaka hadi mwaka. Kwa nini basi kisu cha mfukoni kiwe kinene kuliko panga?

Watetezi wa kisu kinene wana neno moja la kweli. Ukiongeza unene wa bapa mara mbili, ugumu wake wa kupindwa huongezeka mara nane. Hesabu hiyo siibishi. Lakini kisu cha kukunja si chuma kimoja, bali ni vipande vilivyoungwa kwa msumari mmoja mwembamba. Ukiingiza ncha chini ya kifuniko na kuinua kama mtaimbo, bapa nene halipindi, na nguvu yote huushukia ule msumari. Tundu lake hupanuka kidogo kidogo, bapa huanza kucheza, na mwisho kizuizi hakishiki tena barabara. Kisu kilicholegea namna hiyo ndicho kinachojifunga juu ya vidole. Mkulima mmoja alikuja ofisini kwetu kujaza fomu, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Alikuwa akifungua kopo la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ilibidi atie dole gumba la kushoto.

Huko Savoie, Ufaransa, Joseph Opinel alianza mwaka 1890 kutengeneza visu vya kukunja vyenye mpini wa mti. Vile vya ukubwa wa mfukoni bapa lake halifiki hata milimita 2, na wakulima wa milimani wamevitumia tangu zamani hizo. Mwaka 1955 kiliongezwa kizuizi cha pete ya chuma, ili kisu kisijifunge mkononi. Angalieni walipotia nguvu: bapa waliliacha jembamba, wakaimarisha kiungo.

Basi dukani, fungua kisu, shika mpini kwa nguvu, ulitikise bapa kushoto na kulia. Likicheza kingali kipya, mrudishie mwenye duka. Kisha ondoa vidole njiani, uukandamize mgongo wa bapa polepole juu ya meza, uone kama kizuizi kinashika. Unene nauweka kuwa milimita 2 hadi 3 mgongoni, ukipungua sawasawa mpaka kwenye makali. Bwana Shamba wetu ana shauri lake kwamba mkulima asiwe na kisu cha kukunja kabisa, achukue chenye ala. Labda ni kweli kwa mchinjaji, lakini anayepanda baiskeli na kuinama shambani siku nzima hataki ala kiunoni.

Jambo jingine ni kunoa. Wengi hupeleka kisu kwa fundi mwenye mashine ya umeme, cheche zikaruka, nao wakafurahi. Makali yakigeuka rangi ya bluu, chuma kimepata moto kupita kiasi na ugumu wake umepungua. Hapo hakuna unene utakaokiokoa. Tumieni kinoo na maji. Chuma cha kawaida hushika kutu upesi kuliko kile kisichopata kutu, kwa hiyo baada ya kazi kipanguse, ukitie tone la mafuta kwenye kiungo.

Kile kisu changu cha milimita 4 bado ninacho. Nakitumia kukwangua matope kwenye viatu, na kazi hiyo kinaiweza vizuri sana.