Intaneti Kisumu: Kasi yakwama ndani ya nyumba

NYAYA mpya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, wakazi wa Kisumu nao walitarajia afueni. Leo, katika mitaa kama Milimani, intaneti ya kasi hufika mlangoni, lakini malalamiko hayajakoma.

Mara nyingi kiini cha tatizo ni ruta kuukuu, inayotumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Mawimbi hayo hupenya kuta na kufika mbali, ila husongamana na ya majirani. Yale ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, lakini kuta za mawe huyadhoofisha upesi.

Kwa hivyo, kabla ya kulipia kifurushi kikubwa, mwenye nyumba aiunganishe kompyuta na ruta kwa waya. Kasi ikiwa nzuri hapo na duni bila waya, kifurushi hakina kosa. Anunue ruta yenye masafa yote mawili, aiweke juu, katikati ya nyumba. Simu kongwe zibaki kwenye 2.4, runinga na kompyuta mpya zilizo karibu zihamie 5.

Kuongeza malipo ya kila mwezi kwa kasi isiyovuka sebule ni kutia maji katika pakacha.