Badilisha Majina, Wacha Maneno

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo ukitaka kusema sijui C, sema tu. Lakini hii moja niliilipia.

Mathe ndiye mweka hazina wa chama chao. Alinipa michango nimuwekee kwa kompyuta, faili mbili: juni.txt na julai.txt. Nikachanganya, ya Juni ikaingia Julai na ya Julai ikaingia Juni. Badala ya kubadilisha majina nimalize, nikajiona injinia. Si chuoni tulipewa zoezi hilo hilo, kubadilishana yaliyomo kwenye faili mbili? Nikaandika programu, nikafungua zote mbili kwa fopen, na "w".

Kama unajua C, umeshashika kichwa. "w" haingoji uandike kitu. Ukifungua tu, faili inabaki baiti 0. Haikuulizi kama una uhakika. Miezi miwili, kwisha. Mathe hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma. Alichukua daftari jipya akaenda kuuliza mama mmoja mmoja alitoa ngapi.

Sasa wasee wa kompyuta mnikasirikie: lile zoezi hufundishwa vibaya. Njia ya darasani ni ya vikombe. Una chai na uji, unatafuta kikombe cha tatu. Ya kwanza unainakili kwa faili ya muda, ya pili kwa ya kwanza, ya muda kwa ya pili, herufi moja moja kwa fgetc na fputc. Inafanya kazi, bora jibu la fgetc uliweke kwa int, si char, la sivyo EOF itakuchezea. Lakini stima ikipotea katikati (na unajua mtaa wetu), faili moja imebaki nusu.

Na rename() iko hapo hapo ndani ya stdio.h! Mistari mitatu: juni.txt iwe muda.txt, julai.txt iwe juni.txt, muda.txt iwe julai.txt. Hakuna herufi imehama. Stima ikipotea, kilichoharibika ni jina tu. Linux nayo, tangu toleo la 3.15 mwaka 2014, ina renameat2 yenye RENAME_EXCHANGE, inabadilisha yote mawili kwa mpigo mmoja.

Mtasema zoezi ni la kufundisha kusoma na kuandika faili. Sawa. Basi anzeni na vile "w" inaua.

Juzi nilimwambia mathe nina programu mpya, iko poa. Akaniambia nimpikie chai kwanza. Daftari alikuwa amelikalia.