Asilimia 80 haiingii nyavuni

Kuna ugonjwa umeingia kwenye soka letu na unasambaa kwa kasi. Timu inafungwa, kocha anakuja mbele ya waandishi na karatasi mkononi, anaanza kusoma asilimia za umiliki na idadi ya pasi. Shabiki naye anazibeba zilezile hadi kijiweni. Ukimuuliza mbona mmefungwa, anakuambia "lakini tuliwakimbiza".

Tuulizane kwanza, hiyo asilimia ya umiliki inapatikanaje? Wengi wanadhani kuna mtu amekaa na saa, anapima dakika ambazo kila timu inakaa na mpira. Opta, jamaa wanaotoa takwimu za ligi kubwa za Ulaya, kwa miaka mingi wamekuwa wakihesabu pasi. Wanachukua pasi za timu moja, wanagawanya kwa pasi zote za mechi, basi. Kwa hesabu hiyo, mabeki wawili wakipigiana pasi 20 mbele ya kipa wao, umiliki unapanda. Winga akikokota mpira kutoka katikati hadi ndani ya boksi, hajaongeza kitu.

Kombe la Dunia 2022 kule Qatar, FIFA wakaja na lao. Wakaweka fungu la tatu, mpira unaogombaniwa, ambao si wa huyu wala wa yule. Kwa hiyo mechi moja, mpira mmoja, unapata namba mbili tofauti kutegemea nani kapima. Uwanjani hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni kipimo.

Novemba 7, 2012, Barcelona ya Messi, Xavi na Iniesta ilienda Glasgow kucheza na Celtic kwenye Ligi ya Mabingwa. Ilimiliki mpira kwa zaidi ya asilimia 80. Mkenya Victor Wanyama akaruka kwenye kona, akapiga kichwa, moja. Dogo Tony Watt akaongeza la pili. Messi alipofunga, muda ulikuwa umekwisha, 2-1. Japan nao waliifunga Hispania 2-1 huko Qatar wakiwa na umiliki usiofika asilimia 18.

Bao la pili la Japan siku hiyo lina somo lake. Mitoma aliurudisha mpira ukiwa kwenye mstari wa goli, Tanaka akamalizia. Picha ya pembeni ilionyesha nyasi kati ya mpira na chaki, dunia nzima ikapiga kelele kwamba ulitoka. Picha ya juu ikaonyesha ubavu wa mpira bado uko juu ya mstari. Sheria inasema mpira umetoka ukivuka wote, na mpira ni duara, haugusi nyasi kwa upana wake wote. Picha ya pembeni haikuwa ya uongo, ila ilikuwa ni picha tu, na mpira ulikuwa kitu kingine.

Ndiyo maana simo kwenye kundi la wanaosema takwimu zitupwe. Bila kamera ya mstari wa goli, Japan wangenyimwa bao halali. Ninachosema ni kwamba kila kipimo kina mwisho wake. Kamera ya kawaida ya televisheni inachukua picha 50 kwa sekunde. Straika anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea sentimita 16 kati ya picha moja na nyingine. Sasa kwa picha hizo unawezaje kuapa kwamba ameotea kwa sentimita 2? FIFA waliliona hilo, na Qatar wakaweka ndani ya mpira kifaa kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde.

Huku kwetu jambo hili linagusa mkate wa watu. Kuna viongozi wanasajili kwa video na namba za kwenye simu, hawajamwona mchezaji hata dakika moja. Kuna kiungo mkabaji anaachwa kwa sababu namba zake ndogo. Kazi yake ni kusimama mahali sahihi ili kiungo wa wapinzani asithubutu kupitisha mpira pale. Pasi ambayo haikupigwa nani anaihesabu? Akiondoka, timu inaanza kuvuja katikati, na watu wanabaki wanashangaa.

Kwa hiyo ukipewa namba, ihoji kama unavyomhoji refa. Imehesabu nini, imehesabuje, na imeacha nini nje? Kocha akisema tulimiliki, muulize mpira ulikuwa wapi wakati mnaumiliki. Kama ulikuwa miguuni mwa mabeki wa kati, wapinzani walikuwa wamewaachia wenyewe.